Siku ya Kutoitika

12 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yamepunguza vituko. Mimi sijambo, ila chumba kinavuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda mpaka mlangoni, na sasa mlango unafunguka nusu tu, naingia kwangu kiubavubavu kama mwizi. Mwenye nyumba anasema atapanda juu ya bati mvua zikikatika. Zikikatika atapanda kufanya nini?

Msalimie kaka na mke wake. Mwambie kaka kile kiti alichoniahidi kabla sijahama bado nakisubiri, nikiwa nimesimama.

Nimekupigia simu mpaka vidole vimeota sugu. Najua, usiniambie: simu ni kelele ya mtu anayekuita bila hata kukuona, na wewe huitwi ovyo. Basi nimenunua stempu.

Sasa sikia. Baraza la madiwani limepitisha jambo ambalo wewe umeliadhimisha maisha yako yote. Tarehe tisa Septemba, siku ambayo nyumbani tulishinda tangu jua kuchomoza mpaka kuzama bila kumwitikia mtu yeyote anayetuita, majirani wakituona wendawazimu, sasa ni sikukuu rasmi ya jiji. Siku ya Kukomeshwa kwa Utumwa. Ilipita kwa kura zote, diwani mmoja akiwa amelala, ikabidi aamshwe anyooshe mkono.

Ofisi yetu ya sherehe ndiyo imepewa shughuli, maana yake nimepewa mimi, kwa sababu mkuu wetu, yule ninayemwita Bwana Ratiba, kazi yake ni kuandika ratiba na kazi yetu ni kuifuata mbio. Wanatafuta koo za watu waliokuwa watumwa hapa mjini. Unabisha hodi kwa mtu ambaye jirani zake wote wanajua babu yake alinunuliwa wapi, anakuapia kwamba wao ni waungwana tangu dunia iumbwe. Nimechoka kufungiwa milango. Mwishowe nikawaambia: sisi tupo.

Ninachokuomba ni kidogo. Uje, ukae mstari wa mbele, watu wakuone. Nauli ni juu yao. Mengine nitakueleza.

Nijibu mapema, Shangazi. Nakuomba.

Mwanao


27 Aprili

Kiherehere,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, usimlaumu mtu wa posta. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kupiga pasi. Leo nimeisoma tena.

Huku tu wazima. Mke wa kaka yako amejifungua mtoto wa kike mwenye mapafu ya kuuza. Akilia, wateja wangu wanaacha nguo mlangoni na kukimbia. Kaka yako ameanza kumtengenezea kitanda. Kwa ninavyomjua fundi seremala huyo, mtoto atakilalia akishaolewa. Mimi bado ni dobi na nguo bado ni chafu, mshukuru Mungu kwa vyote viwili. Mwalimu mkuu ananiletea shati moja kila Jumatatu, moja tu, halafu anasimama juu yangu kuangalia kola inavyonyooshwa, utadhani nitaila.

Hiyo sikukuu nimeisikia. Lipe jiji hongera zangu, limeamka. Hilo jiji lako ndilo alilotoka mama yake bibi yangu kwa miguu, na tangu hapo hakuna mtu wa ukoo huu aliyelikanyaga mpaka ulipokwenda wewe kutafuta kazi. Sikukuzuia. Lakini mimi nikae chini ya turubai nipungiwe mikono na madiwani, hapana. Nyumba ya wageni ya hapa imeanza kuniletea mashuka, na mashuka hayana sikukuu. Halafu kuna magoti.

Hayo "mengine" utakayonieleza ni yapi? Na unakula nini siku hizi? Barua nzima haina chakula.

Shangazi


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na hongera ya mtoto. Mbusuni kwa niaba yangu, halafu mzibe masikio. Nakula vizuri, usinibadilishie mada.

Mashuka, Shangazi? Nyumba ya wageni yenye vyumba vinne ambavyo vitatu havina mgeni?

Laiti ungejua ninayopitia usingenipiga chenga. Tulikaa asubuhi nzima kujadili rangi ya viti. Diwani mmoja anataka vyeupe kwa sababu vyeupe ni amani, mwenzake anasema vyeupe vinachafuka. Ikaundwa kamati ndogo ya viti. Likaja suala la bango. Walitaka methali, wakachagua "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Nikanyoosha mkono nikasema, jamani, mja hapo ndiye mtumwa, tunamtukana yule yule tunayemwadhimisha. Bwana Ratiba akanijibu kwamba watu hawasomi mabango. Limeshachapishwa, refu kutoka nguzo hadi nguzo.

Halafu wafagiaji. Sikukuu hii ni mapumziko kwa wafanyakazi wote wa jiji, isipokuwa wanaofagia uwanja kabla ya sherehe, wanaofagia wakati wa sherehe, na watakaofagia baada yake. Mama mmoja mfagiaji aliuliza kama wao watapewa siku nyingine. Aliambiwa swali lake ni zuri sana.

Sasa hayo mengine. Inasemekana siku ile watumwa wa nyumba kubwa walikusanywa uwanjani, bwana wao akasimama kwenye roshani, akasoma majina, na kila aliyeitika akaambiwa yuko huru. Nyumba yenyewe bado ipo, na roshani yake ipo. Kamati inataka tukio lile lirudiwe. Naibu meya atasimama pale juu, ataita ukoo mmoja mmoja, na kila ukoo utainuka na kuitika, "Tupo!" Baada ya hapo walitaka njiwa, lakini njiwa hawakupatikana, kwa hiyo ni maputo.

Ukoo wetu ndio wa kwanza kuitwa. Na wewe ndiye mkubwa wa ukoo.

Najua unavyowaza. Najua desturi ya nyumbani, sijaisahau. Lakini ni mara moja tu, Shangazi, ni neno moja, na wanalifanya kwa heshima. Mtu akikuita akupe heshima, kuna ubaya gani kuitika?

Tafadhali usikae na barua hii mwezi mzima.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto hajambo. Kaka yako hajambo. Magoti ni yale yale. Salamu zimekwisha.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mwandiko umekupotea. Mtu asimame juu, sisi tukae chini, atuite majina, nasi tuitike? Tena kutoka roshani ile ile? Na kamati nzima ya watu wazima ilikaa, ikanywa chai ya jiji, ikaona hilo ni jambo la kumfurahisha mtu?

Kuna siku mia tatu na kitu ambazo nikiitwa naitika. Mteja akiita naitika. Kaka yako akiita, mtoto akilia, hata yule mwalimu mkuu na shati lake, naitika. Nimeitika mpaka koo limekauka. Siku moja tu katika mwaka siitiki, na hiyo ndiyo mliyoichagua mniite.

Usiniulize ubaya wake ni upi. Umelelewa humu ndani. Kama hukuuona ukiwa hapa, hautaingia kwenye bahasha.

Nami nina swali. Wewe hujawahi kupenda historia, ulikuwa unaisinzia darasani mpaka mwalimu wako akaja kuniuliza kama unalala nyumbani. Leo unaikazania hivi kwa mapenzi ya nani? Wamekuahidi nini?

Shangazi


11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hali yangu si nzuri, kwa hiyo siiulizii sana ya kwako.

Ndiyo, wameniahidi. Ulitaka kusikia, sikia. Tangu niingie ofisi hii mimi ni wa muda. Mkataba unaisha kila baada ya miezi mitatu, na kila unapoisha nakaa chumbani nikingoja kuitwa. Nimewaona watu wakija nyuma yangu, nikawafundisha kazi, wakaajiriwa, wakaanza kunituma chai. Safari hii Bwana Ratiba amenitamkia mwenyewe: leta ukoo uliotoka kwenye nyumba ile yenye roshani, uitike, na mwezi wa kumi wewe ni mwajiriwa wa kudumu. Koo nyingine wanazo. Uliotoka kwenye nyumba ile ni wetu peke yake. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uje kwa kupenda, si kwa kunihurumia.

Na kwa kuwa tumeanza kuambiana, ngoja nimalize. Unakumbuka nilipokuwa darasa la tatu nikarudishwa nyumbani na homa? Ilikuwa siku hiyo hiyo ya kutoitika. Nilisahau, nilikuwa mtoto. Nilisimama nje ya mlango nikaita, "Shangazi! Shangazi!" Nilisikia maji yakimwagika uani. Nilimsikia bibi akikohoa. Mlikuwa humo, na hakuna aliyeitika. Nikajikokota mpaka kwa jirani nikalala huko nikiwaka moto. Kwa hiyo usinisomee utukufu wa siku hiyo. Mimi naijua kutoka upande wa nje.

Nimeamua. Hata mimi ni wa ukoo huu. Nitakaa mimi mstari wa mbele, na nitaitika mimi. Huna haja ya kuacha mashuka yako.

Mwanao, kama bado


6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Ni karibu miezi miwili sasa. Nimemuuliza mtu wa posta mpaka akiniona anavuka barabara. Kaka ameniandikia kwamba u mzima, kwa hiyo sina hata sababu ya kukuogopea. Huoni kwamba hii nayo ni ile ile? Naita, unanisikia, unanyamaza.

Jana tulifanya mazoezi uwanjani. Naibu meya hakuja, alisimama dereva wake badala yake. Aliita jina la ukoo, nikainuka, nikasema "Tupo!" Haikuuma popote. Bwana Ratiba akataka nirudie kwa sauti zaidi, nikarudia. Akasema niongeze tabasamu, nikaongeza. Waliokuwepo wakapiga makofi. Umeona? Ni neno tu.

Sikuandikii kukubembeleza. Nakuandikia ujue kwamba imeshakuwa.

Niambie hata hapana. Hata neno hilo sistahili?

Mwanao


20 Agosti

Kiherehere,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu hapigi nguo ya mwenzake kwa pasi iliyowaka kupita kiasi. Mtoto ameanza kucheka. Kitanda bado ni mbao nne na ahadi.

Tuanze na mlango. Miaka yote hii umebeba hilo kifuani, na hukuwahi kuniuliza? Sikuitika, ni kweli. Lakini nani alikuambia sikuja? Nilikuwa kwenye beseni, povu mpaka viwikoni. Niliposikia sauti yako niliinuka, nikafika, nikafungua mlango, na wewe hukuwepo, maana tangu utoto subira hukupewa. Nilikufuata kwa jirani nikakukuta umelala. Nikakubeba mgongoni mpaka nyumbani, nikakukanda maji mpaka homa ikashuka. Asubuhi uliamkia kitandani kwako. Ulidhani ulijileta?

Kimya chetu ni cha mdomo, hakijawahi kuwa cha miguu. Kwenda tunakwenda, tena tukitaka tunakwenda mbio. Ila tunakwenda wenyewe.

Sasa nikueleze lile ambalo nilikuwa nangoja uliulize. Mama yake bibi yangu, huyo tunayemwita Bibi Kimya, alikuwa wa nyumba ile. Kila alfajiri bwana alitoka kwenye roshani, akasoma majina, nao wakaitika kutoka uwanjani, ndipo kazi ianze. Asiyeitika alitafutwa, na aliyetafutwa alikiona. Aliitika hivyo tangu alipoanza kutembea mpaka akawa na mtoto mgongoni. Siku ya mwisho bwana akatoka vilevile, na majina yale yale, akawaambia kila atakayeitika ataambiwa yuko huru. Wakaitika mmoja mmoja, na kila mmoja akaambiwa, "Nenda." Wengine walilia kwa furaha, na siwacheki. Likafika jina lake. Alikuwa amekaa pale pale, macho kwa macho, na hakuitika. Akaitwa tena. Akaitwa tena. Wenzake wakawa wanamfinya: itika, mwenzetu, utabaki! Bwana akamtazama, akasema, "Huyu hayupo," akaendelea na mwingine.

Basi Bibi Kimya akainuka, akamfunga mtoto vizuri, akakatiza uwanja mbele yake na kuondoka. Hakuambiwa nenda. Ndiyo maana alimwambia bibi yangu, na bibi yangu akaniambia mimi, kwamba wenzake walipewa ruhusa, yeye aliondoka. Alitembea mpaka hapa ninapokuandikia. Miaka mingi aliogopa kwamba yupo mtu atakayekuja kumdai, kwa kuwa hakuwahi kutamkiwa. Aliogopa, na hakujuta.

Ningekueleza mapema, ungempelekea Bwana Ratiba, naye angempangia Bibi Kimya saa nne na robo, baada ya hotuba na kabla ya soda. Ndiyo maana nilinyamaza.

Ukiamua kuitika, itika. Kazi ni kazi, na tumbo halishibi hadithi za wazee. Sitakukasirikia. Nitakukasirikia, lakini itapita. Mimi siji.

Shangazi


11 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na mtoto anazidi kucheka, maana huku hakuna wa kumsaidia.

Nilikuwa nimeamua kuitika. Naanza na hilo usije ukajipa sifa. Nilisoma barua yako, nikalia kwa ajili ya ule mlango, nikajipangusa, nikaamua kuitika vilevile. Nilivaa gauni jipya na viatu vinavyobana. Niliwahi kufika. Wafagiaji walikuwa wameshamaliza upande mmoja na wanasubiri tuuchafue ili waanze upya. Viti vilikuwa vya bluu.

Hotuba zilikwenda mpaka kivuli cha turubai kikatuhama. Ndipo naibu meya akapanda kwenye roshani na karatasi yake. Wakati wa mazoezi sikuwa nimeitazama roshani yenyewe, nilikuwa namtazama dereva anavyojitahidi. Safari hii nilitazama. Ni ya chini kuliko nilivyofikiri. Mtu akiwa pale anakuona uso wako vizuri kabisa.

Akaita jina la ukoo wetu.

Neno nilikuwa nalo mdomoni, Shangazi. Lakini naibu meya hakuwa ananitazama, alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, anangoja sauti ili aweke alama aende kwa mwingine. Mdomo ukakataa. Sikupanga. Akaita tena. Watu wakaanza kugeuka kutafuta ni akina nani hao. Fundi wa vipaza sauti akadhani chombo kimekufa, akapanda kukigonga, tok tok, "moja mbili, moja mbili." Naibu meya akaita mara ya tatu, kwa tabasamu la mtu anayetazamwa. Bwana Ratiba alikuwa nyuma ya kiti changu, akaniinamia sikioni:

"Itika! Wewe, si nakwambia itika!"

Hapo ndipo ilipokwisha. Labda angeninyamazia ningeitika. Niliinuka, na watu wakadhani sasa naitika, baadhi wakaanza makofi. Nikageuka, nikapita katikati ya viti, nikakatiza uwanja. Usidhani nilitembea kama malkia. Nilichechemea kwa sababu ya viatu, nikajikwaa kwenye waya wa spika, na mama mmoja mfagiaji akanidaka mkono. Nilikuwa katikati ya uwanja, kila mtu ananiona, nikasikia sauti ya naibu meya ikisema kutoka juu, "Inaonekana hawapo. Tuendelee."

Koo nyingine ziliitika. Niliwasikia nikiwa barabarani. Wengine sauti zao zilikuwa za kulia, na mimi pia siwacheki.

Jana nilikwenda ofisini. Bwana Ratiba hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema nimemwaibisha naibu meya na nimevuruga ratiba, na kwamba ile nafasi imepata mtu mwingine. Akanifungulia mlango, akasema, "Tukikuhitaji tutakuita." Nikamwambia asiniite. Nikakusanya kikombe changu na ndala zangu za chini ya meza.

Ilikuwa tamu kuisema, utamu wake ukaishia kwenye ngazi. Sasa nimekaa kitandani, na sina kazi, na sijui mwezi ujao nitafanya nini. Sijisikii shujaa. Najisikia mjinga niliyefuata kisa cha bibi ambaye sikuwahi kumwona. Wewe uko huko na pasi yako, umekaa kimya chako salama, na mimi ndiye niliyekilipia. Umeniponza, Shangazi. Nakupenda, na umeniponza. Kuna saa nikikumbuka wale watu walivyogeuza shingo nasikia kitu kama furaha, halafu nakumbuka kodi ya chumba.

Nimemaliza. Usijisumbue kunijibu.

Mwanao


14 Septemba

Mwanangu,

Barua yako imefika asubuhi na najibu kabla ya mchana, kwa hiyo lile la kuchelewa tulifute.

Huku wote wazima. Nimeisoma kwa sauti, kaka yako akaacha randa yake akatoka nje, na alipofika nje nilisikia anapenga makamasi. Mimi nililia pia. Mke wake aliponiuliza nilisema ni moshi wa pasi, akanikumbusha kwamba pasi sijaiwasha.

Sikupi hongera. Kukosa kazi si ushujaa, ni njaa, na aliyekuambia vinginevyo hajawahi kulala nayo. Pole nayo sikupi, kwa sababu ungeitumia kunipigia. Unasema nimekuponza. Kweli. Ningekueleza habari za Bibi Kimya ungali mdogo, ungekuwa umezizoea, zisingekuchoma mahali pabaya namna hiyo. Na unasema mimi nipo huku salama na wewe ndiye uliyelipa. Hilo limeniingia, na limekaa, na siwezi kupiga pasi nalo.

Mashuka nimeyarudisha yakiwa na unyevu. Mwalimu mkuu nimempa pasi mkononi, akanyoosha kola yake mwenyewe, akaiunguza. Kaka yako anasema jiji limekuwa kubwa, nitapotea. Nimemwambia ukoo huu unaijua njia hiyo, ni kuirudia tu kwa upande wa pili.

Nimepekua barua yako mara mbili nikitafuta neno moja. Umenilaumu, umenisimanga, umenikataza hata kujibu. Kurasa zote hizo, na hakuna mahali ulipoandika: Shangazi, njoo.

Hukuniita. Ndiyo maana nakuja Alhamisi.

Shangazi